Mwongozo kamili: Kutibu saratani changa ya ngozi ya uso kwa krimu, hadi dozi iishe

Wengi wanaopewa krimu ya kutibu saratani changa ya ngozi usoni hukwama mahali pamoja: wiki ya pili au ya tatu. Ngozi imewaka na kuchubuka, gaga limejikunja ukingoni, na mgonjwa anaamini dawa inamuunguza. Anaacha. Baada ya mwezi ngozi inafunga vizuri, anashukuru kwamba aliwahi kuacha, kisha baada ya muda doa linarudi palepale.

Kidonda kile ndicho kazi ya dawa. Anayelijua hilo kabla ya kufungua tyubu huvumilia. Asiyelijua huogopa, na ana haki ya kuogopa, maana mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameonwa na daktari na kuandikiwa tiba. Dozi nilizotaja ni za kukusaidia kuelewa ulichoandikiwa. Maelekezo ya daktari wako yakitofautiana na haya, fuata yake.

## Vitu vya kuandaa

- Majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) kwa maandishi, yakitaja aina ya saratani.
- Krimu uliyoandikiwa. Mara nyingi ni fluorourasili ya asilimia 5 au imikwimodi ya asilimia 5.
- Glovu za kutupa au vijiti vya pamba. Kifaa cha chuma hakifai kupakia fluorourasili.
- Sabuni laini isiyo na manukato, na taulo ndogo ya kwako peke yako.
- Rula ya milimita, kioo kizuri na taa.
- Simu yenye kamera.
- Vaselini, au mafuta mengine mazito yasiyo na harufu.
- Kofia yenye ukingo mpana, na losheni ya kuzuia jua yenye kinga ya SPF 30 au zaidi.
- Daftari au kalenda ya kuweka alama kila unapopaka.
- Mahali pa kufungia dawa kwa kufuli.
- Namba ya simu ya kliniki, imeandikwa mahali inapoonekana.

Usianze na nusu ya vitu hivi. Uso ukishaanza kuchubuka hutakuwa na hamu ya kutoka kwenda kutafuta vaselini.

## Hatua ya 1: Jua jina la ugonjwa wako

Swali la kwanza ni saratani gani, na imeingia kiasi gani ndani ya ngozi. Krimu hufanya kazi juu juu. Haifiki kwenye uvimbe uliozama.

Hali ambazo mara nyingi hutibika kwa krimu ni tatu. Ya kwanza ni madoa ya magamba yaletwayo na jua, makavu na yenye kukwaruza ukiyapapasa. Hayo bado si saratani, ila baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Ya pili ni ugonjwa wa Bowen, yaani saratani ya seli bapa iliyo bado katika tabaka la juu kabisa la ngozi. Ya tatu ni saratani ya seli za msingi ya aina ya juu juu, ambayo hutanda kama doa jembamba lenye ukingo unaong'aa kidogo.

Zisizofaa kutibiwa kwa krimu ni saratani ya seli za msingi yenye vinundu au inayotanda kama kovu, saratani ya seli bapa iliyokwisha kupenya ndani, na melanoma, yaani saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Kwa melanoma, kupoteza wiki sita ukipaka krimu kunaweza kugharimu maisha. Ipo aina moja ya awali kabisa ya melanoma ya usoni ambayo mabingwa hutumia imikwimodi katika hali za pekee, lakini huo ni uamuzi wao, chini ya macho yao.

Ndiyo maana biopsi haikwepeki. Daktari hutia ganzi, hutoa kipande kidogo cha ngozi, nacho hupimwa kwa darubini. Kwenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi: saratani ya seli za msingi mara nyingi huwa na rangi nyeusi au kahawia, hivyo mtu na hata mhudumu anaweza kuidhania baka la kuzaliwa au chunjua. Watu wenye ualbino nao hupata saratani ya seli bapa mapema kuliko wengine, kwa hiyo kidonda cha usoni kisichopona kwao kisisubiri hata kidogo.

Onyo. Usianze kupaka dawa yoyote kali kabla ya biopsi. Krimu huweza kufunga ngozi ya juu ikaacha saratani chini, na baada ya hapo hata daktari anapata shida kujua achukue kipande wapi. Vilevile kaa mbali na dawa za kuchoma, hasa zile za mafuta meusi zinazouzwa kwa ahadi kwamba "zinavuta kansa nje". Huunguza ngozi nzima na mbovu kwa pamoja, huacha shimo usoni, na saratani huweza kuendelea kukua chini ya kovu.

Utajuaje umefanikiwa: una karatasi inayotaja aina ya saratani, na daktari amekuambia kwa maneno yake kwamba iko juu juu.

## Hatua ya 2: Pima uchaguzi wako kwa uwazi

Hapa ndipo ninapowaomba wagonjwa wasione aibu kuuliza. Kutibiwa bila kisu si sawa na kutibiwa kwa uhakika uleule wa kisu, na mtu anayechagua anastahili kuzijua tarakimu.

Utafiti uliofanyika Uingereza ulilinganisha imikwimodi na upasuaji kwa watu wenye saratani ya seli za msingi isiyo ya hatari kubwa. Baada ya miaka 5, tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 82.5 ya waliopaka krimu, na asilimia 97.7 ya waliopasuliwa. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wenye wagonjwa 601 wa saratani ya seli za msingi ya juu juu, ulilinganisha tiba tatu zisizo za kisu. Waliokuwa hawana uvimbe baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 80.5 kwa imikwimodi, asilimia 70.0 kwa fluorourasili, na asilimia 62.7 kwa tiba ya mwanga.

Mtu mmoja atasema: asilimia 80 bila kovu la kushonwa, nakubali. Mwingine atasema: nikateni, nilale usingizi. Wote wawili wana akili. Asiye salama ni yule anayechagua krimu akidhani inalingana na upasuaji, halafu haendi kukaguliwa.

Mahali doa lilipo pana uzito pia. Kope, pua, midomo, masikio na eneo linalozizunguka ni sehemu ambazo saratani hurudi kwa urahisi zaidi, na hata ikirudi kidogo tu inaweza kuharibu kiungo chenyewe. Kwa saratani iliyo sehemu hizo madaktari wengi hupendekeza upasuaji. Fahamu pia kwamba kibali cha Marekani cha mwaka 2004 cha kutumia imikwimodi kwa saratani ya seli za msingi kilihusu kiwiliwili, shingo, mikono na miguu, tena kwa uvimbe usiozidi sentimita 2; uso haukuwemo. Daktari anaweza kuiandika kwa ajili ya shavu au paji la uso kwa uzoefu wake, nawe una haki ya kumuuliza kwa nini ameona inafaa kwako.

Tiba nyingine za bila kisu nimeziweka mwishoni, kwa walioandikiwa hizo.

## Hatua ya 3: Mweleze daktari kila kitu kabla ya kuanza

Mambo haya usiyafiche wala usiyasahau:

- Ujauzito, au mpango wa kushika mimba, au kunyonyesha. Fluorourasili haitumiwi na mjamzito.
- Upungufu wa kimeng'enya kinachovunjavunja fluorourasili mwilini. Ni wachache wenye hali hiyo, lakini kwao dawa hii inaweza kuwa sumu. Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua vibaya sana kwa dawa ya saratani ya jamii hii, sema.
- Kupandikizwa kiungo, au ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Imikwimodi hufanya kazi kwa kuamsha kinga.
- Dawa zote unazotumia, hasa za kutibu mkanda wa jeshi. Dawa moja ya ugonjwa huo, brivudini, ikikutana na fluorourasili inaweza kuua.
- Krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi huwa na steroidi ndani, yaani dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi huipooza kinga ileile ambayo imikwimodi inaitegemea. Hili watu hulificha kwa aibu. Mwambie tu; daktari wa ngozi amelisikia mara nyingi.

Uliza pia maswali manne na uandike majibu: napaka mara ngapi, kwa wiki ngapi, eneo la ukubwa gani, na nikizidiwa nimpigie nani.

## Hatua ya 4: Piga picha na panga kalenda

Simama karibu na dirisha mchana, weka rula chini ya doa, piga picha ya mbele na ya ubavu. Rudia kila wiki, mahali palepale, saa ileile. Kumbukumbu ya macho hudanganya. Ukifika wiki ya nne hutaweza kuapa doa lilikuwa na ukubwa gani mwanzo.

Halafu hesabu wiki zako kwenye kalenda, pamoja na wiki nne nyingine za kupona. Kama kuna harusi, safari au usaili wa kazi katikati, sogeza tarehe ya kuanza kwa makubaliano na daktari. Wengi huacha dozi kwa sababu ya sherehe, wala si kwa maumivu.

Waambie pia unaoishi na kufanya kazi nao: "Natumia dawa ya ngozi, uso utachubuka kwa wiki kadhaa, haiambukizi." Sentensi hiyo moja itakuokoa na maswali mengi na macho ya watu.

## Hatua ya 5: Paka kwa namna sahihi

Utaratibu ni huu, uwe unapaka asubuhi au usiku:

1. Nawa mikono. Osha eneo kwa maji na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa bila kusugua.
2. Subiri dakika kumi ngozi ikauke kabisa. Ngozi yenye unyevu huchoma zaidi.
3. Vaa glovu au shika kijiti cha pamba. Chukua dawa kidogo.
4. Paka juu ya doa na ukanda wa ngozi unaolizunguka kwa upana ulioambiwa. Kwa imikwimodi dhidi ya saratani ya seli za msingi, kawaida ni sentimita 1 kila upande. Sababu ni kwamba seli za saratani huenea nje ya mpaka unaouona kwa macho.
5. Sugua taratibu hadi krimu nyeupe isionekane.
6. Vua glovu, tupa, nawa mikono tena hata kama hukugusa dawa.
7. Weka alama kwenye kalenda.

Kiasi ndicho kinachowakosesha wengi. Kwa imikwimodi, doa la kati ya sentimita 1 na 1.5 huhitaji tone lenye upana wa milimita 5 hivi. Litoe kwenye ncha ya kidole chenye glovu, liweke kando ya rula ulitazame: ni dogo kuliko ulivyofikiri. Kuongeza hakuongezi uponyaji, huongeza kuchubuka tu. Pakiti iliyofunguliwa haihifadhiwi. Kilichobaki ndani hutupwa.

Ratiba ya kawaida. Imikwimodi kwa saratani ya seli za msingi ya juu juu hupakwa usiku kabla ya kulala, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Huachwa kwa saa 8 hivi, kisha huoshwa asubuhi. Fluorourasili hupakwa mara 2 kwa siku: wiki 2 hadi 4 kwa madoa ya magamba ya jua, na kwa saratani ya seli za msingi ya juu juu angalau wiki 3 hadi 6, wakati mwingine hadi wiki 10 au 12.

Maonyo ya hatua hii:

- Weka dawa mbali na macho, matundu ya pua na midomo. Usipake karibu na kope usiku halafu ulale kifudifudi. Mto utaibeba hadi machoni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na umwone daktari.
- Usifunike kwa plastiki wala plasta isiyopitisha hewa. Dawa huzama zaidi na ngozi huwaka kupita kiasi. Ukitaka kuficha, tumia shashi nyepesi.
- Ukikosa siku moja, endelea na siku inayofuata. Usipake maradufu kufidia.
- Fluorourasili ni hatari kubwa kwa mbwa na paka. Kiasi kidogo wakilamba kwenye tyubu au kwenye ngozi yako kinaweza kuwaua. Watoto vilevile. Tumia ile kufuli.

## Hatua ya 6: Vuka wiki ngumu

Hii ndiyo hatua ambayo mwongozo wote umeandikwa kwa ajili yake, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Siku za mwanzo. Kwa kawaida hakuna kitu. Pengine kuwasha kidogo. Wapo wanaokata tamaa hapa kwa sababu ya kinyume: wanaona dawa haifanyi kazi, wakaanza kupaka mara nyingi zaidi. Usifanye hivyo.

Kuelekea wiki ya pili. Ngozi inaanza kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu; tafuta weusi uliokoza, rangi ya zambarau, joto ukigusa kwa mgongo wa kidole, na kuvimba. Fluorourasili pia huweza kuamsha madoa ambayo hukuyaona, ukashtuka kwamba ugonjwa unasambaa. Hayo yalikuwepo tayari, yakijificha chini ya ngozi iliyoonekana nzima.

Wiki ya tatu na ya nne. Ngozi inachubuka, inatoa majimaji ya njano yasiyo mazito, inafanya gaga. Ukicheka, gaga linapasuka na kuchoma. Asubuhi mto una doa. Ukijitazama kwenye kioo unaona kidonda kikubwa kuliko doa ulilokwenda nalo hospitali, na kila mtu nyumbani anakuambia uache.

Fluorourasili huzuia seli kutengeneza vinasaba vipya, na seli zinazogawanyika haraka ndizo zinazokufa kwanza. Imikwimodi huita askari wa kinga waje kuzishambulia. Kwa dawa zote mbili, kinachoonekana juu ni maiti za seli mbovu na uvimbe wa vita vyenyewe. Ukiacha siku hizo umekata gugu usawa wa ardhi ukaacha mzizi.

Namna ya kujipunguzia adha:

- Osha taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Gaga lililolegea lenyewe litoke, usilibandue.
- Paka vaselini saa kadhaa baada ya dawa, au baada ya kuiosha, ili ngozi isikauke na kupasuka.
- Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi kwa dakika kumi inapochoma.
- Meza dawa ya kawaida ya maumivu, kama parasetamo, kwa kipimo chake.
- Usinyoe ndevu juu ya eneo hilo, usipake vipodozi, manukato wala losheni yenye spiriti.
- Kaa kivulini. Jua huzidisha mwitikio wa dawa. Kofia ni bora kuliko losheni ya kuzuia jua, kwa sababu losheni huchoma ngozi iliyo wazi. Ipake kwenye sehemu nzima za uso.
- Usijipakie krimu ya steroidi katikati ya dozi ili "kutuliza". Wapo madaktari wanaoiandika baada ya dozi kuisha. Huo ni uamuzi wao.

Imikwimodi inaweza pia kukuletea homa ndogo, uchovu na maumivu ya misuli kama mafua. Mweleze daktari, hasa yakizidi.

Utajuaje umefanikiwa: eneo ulilopaka limechubuka waziwazi, ngozi iliyo nje ya eneo hilo ni tulivu, na kalenda yako ina alama za kutosha. Ukimaliza wiki mbili au tatu bila mabadiliko yoyote, piga simu kliniki. Huenda unapaka kidogo mno, dawa imeharibika, au muda unahitaji kuongezwa.

## Hatua ya 7: Tofautisha ukali wa kawaida na hatari

Kuna pumziko halali. Kidonda kikizidi, daktari anaweza kukuambia usimamishe kwa siku kadhaa kisha uendelee. Lakini pumziko ni la kupangwa naye, lina tarehe ya kurudi. Pumziko unalojipa mwenyewe mara nyingi huwa ndio mwisho wa dozi.

Piga simu siku hiyohiyo ukiona usaha mzito, harufu mbaya, wekundu unaosambaa mbali na ulipopaka, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kope zilizovimba hadi jicho kufunga, au malengelenge ya homa yanayozuka kwa wingi mdomoni.

Acha dawa na uende hospitali mara moja ukipata vidonda ndani ya mdomo, kuhara damu, kutapika, maumivu makali ya tumbo au homa ya kutetemeka ukiwa unatumia fluorourasili. Hizo ni dalili kwamba dawa imeingia mwilini na mwili umeshindwa kuivunja. Ni nadra sana, ila haisubiri kesho.

## Hatua ya 8: Iache ngozi ijifunge

Siku ya mwisho ya dozi mara nyingi ndiyo siku ambayo uso uko vibaya kuliko siku zote. Usishtuke. Ndani ya wiki moja au mbili maumivu hupungua, magaga hudondoka, na ngozi mpya, nyororo na ya rangi isiyolingana na jirani yake, hujitokeza. Kupona kabisa baada ya fluorourasili kunaweza kuchukua mwezi mmoja hadi miwili.

Endelea na vaselini na kofia. Ngozi mpya huungua haraka. Inaweza kubaki nyeusi zaidi au nyeupe zaidi kwa miezi, na kwa wengine tofauti ya rangi hubaki. Usikimbilie krimu za kuondoa madoa. Zinaficha kile ambacho daktari anahitaji kukiona.

## Hatua ya 9: Rudi ukaguliwe

Ngozi safi si hati ya kupona. Ukaguzi wa kwanza wa maana hufanyika wiki 12 hivi baada ya kumaliza, kwa sababu kabla ya hapo uvimbe wa dawa bado unachanganya macho. Nenda na picha zako zote.

Usikose ziara za mwaka wa kwanza. Katika ule utafiti wa Uingereza, wengi ambao imikwimodi iliwashinda waligundulika ndani ya mwaka huo. Baada ya hapo kagua uso wako mwenyewe kila mwezi, mwanga ukiwa mzuri, ukipapasa kwa kidole: kinundu kipya kinachong'aa, kigaga kinachodondoka na kurudi, kidonda kisichofunga kwa wiki nne, au damu inayotoka bila sababu. Angalia na nyuma ya masikio. Aliyewahi kupata saratani moja ya ngozi yuko kwenye hatari zaidi ya kupata nyingine mahali pengine.

Doa likirudi, usirudie tyubu iliyobaki kabatini. Inahitajika biopsi mpya, na mara nyingi safari hii upasuaji ndio jibu.

## Kama umeandikiwa tiba nyingine

Tiba ya mwanga. Magaga hukwanguliwa, krimu maalumu hupakwa na kufunikwa kwa saa 3 hivi, kisha doa humulikwa kwa taa nyekundu kwa dakika chache. Kwa saratani changa, hurudiwa baada ya wiki moja. Taa inachoma, wakati mwingine sana. Omba feni, maji ya kupuliza au ganzi mapema. Kwa siku 2 baadaye linda eneo dhidi ya jua na taa kali kwa kitambaa, maana losheni ya kuzuia jua ya kawaida haizuii mwanga unaoonekana. Faida yake ni kwamba dozi yote iko mikononi mwa kliniki, hivyo inamfaa anayejijua hawezi kupaka krimu kwa wiki sita.

Tiba ya baridi kali. Nitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, hupulizwa kwenye doa. Hufanya lengelenge, kisha gaga. Inaweza kuacha baka jeupe la kudumu, na kwenye ngozi nyeusi baka hilo huonekana sana. Uliza kabla.

Tiba ya mionzi. Haiumi wakati wa kupigwa, lakini huhitaji ziara nyingi kwa wiki kadhaa. Huwafaa zaidi wazee, au wasioweza kupasuliwa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1997, wa saratani ya seli za msingi usoni chini ya sentimita 4, ulikuta kushindwa kwa asilimia 7.5 kwa mionzi na asilimia 0.7 kwa upasuaji baada ya miaka 4. Vijana hawashauriwi, kwa kuwa mionzi yenyewe huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi na kovu lake huzidi kuharibika kadiri muda unavyokwenda. Nywele za mahali hapo zinaweza zisiote tena, na kwa kawaida sehemu iliyokwisha kupigwa haipigwi mara ya pili. Mwenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ishindwe kustahimili jua au unaozalisha saratani nyingi za seli za msingi amwambie daktari kabla ya kukubali mionzi, kwa sababu kwake inaweza kuzaa saratani mpya.